GAMBOSHI: Jiji linalowaka usiku tu!

KAMA umekulia Kanda ya Ziwa na mtu akakuambia hajawahi kusikia habari za Gamboshi, jua moja kati ya mawili: ama anakuzuga, ama kalelewa nyuma ya geti la chuma akila mkate wa siagi. Sisi wengine tulilishwa Gamboshi pamoja na uji.

Kwanza niweke mambo sawa, maana wapo watu wazima na akili zao, tena wengine na digrii zao, wanaodhani Gamboshi ni jina la kutunga kama vile nchi za Abunuwasi. Gamboshi ni kijiji cha kweli kabisa, kipo Bariadi. Leo ni mkoa wa Simiyu, lakini mkoa huo ulizaliwa mwaka 2012 tu. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa Shinyanga, ndiyo maana sisi wa Shinyanga mpaka kesho tunakihesabu kijiji hiki ni cha kwetu, kwa sifa na kwa aibu yake.

Ukifika mchana, msomaji wangu, utachoka mwenyewe. Mashamba ya pamba, ng'ombe, mawe makubwa, vumbi. Watoto wa shule wanapita na madumu ya maji, mama kapanga nyanya mafungu mafungu, vijana wako kivulini wanacheza bao. Hakuna ghorofa, hakuna taa ya barabarani. Utajiuliza, hivi hapa ndipo panaposemwa nchi nzima?

Subiri jua lizame sasa!

Wanavyosimulia ni kwamba giza likishika, kijiji kile kinageuka jiji. Maghorofa yanaota kama uyoga, barabara zinakuwa za lami, taa za kila rangi zinawaka, magari ya bei mbaya yanapishana. Wanaosimulia kwa mbwembwe wanakwambia New York haioni ndani. Usafiri wa kwenda mbali ni ungo, hakuna foleni wala nauli. Na wale watu wenu mliowazika wakiwa vijana, mkalia mpaka sauti zikakauka, wenzenu wanakwambia hamkumzika mtu pale, mmezika mgomba. Mwenyewe yuko Gamboshi analima shamba la mtu usiku kucha, hana hata ruhusa ya kwenda kujisaidia. Asubuhi jogoo akiwika, jiji lote linakunjwa kama mkeka. Mgeni aliyelala kwenye hoteli ya kifahari anajikuta kalala juu ya jiwe, na godoro lake ni nyasi.

Tulipokuwa darasa la tano tulibishana wiki nzima namna ya kuingia. Kuna waliosema unatembea kinyumenyume. Wengine walisema unapakwa dawa machoni. Mmoja, ambaye siku hizi ni kondakta wa daladala, alishikilia kwamba unalipa tu kama stendi, ila hela yenyewe si yetu. Hatukulala. Tuliogopa mpaka kwenda chooni usiku, na kesho yake jioni tukawahi kukaa duara ili tuogopeshwe tena.

Na si Gamboshi peke yake. Tulikuwa na Ng'wanamalundi, ambaye huyu alikuwa mtu kweli, mganga na mcheza ngoma maarufu wa Usukumani enzi za Wajerumani. Wazee wanasimulia kwamba alikuwa akiunyooshea mti kidole, mti unakauka hapo hapo, na kwamba Wajerumani walimkamata kwa sababu walimwogopa. Nani kati yetu hakuwahi kuunyooshea mwembe wa shule kidole siku ya mtihani? Mwembe ulikuwa unatuangalia tu.

WENYEWE WANAKEREKA

Wenyeji wa Gamboshi hawacheki. Wameshalalamika mara nyingi kwamba jina la kijiji chao limechafuliwa, kwamba wageni wanaogopa kufika. Na ukikaa ukafikiri unawaelewa. Mtu anateka maji mbali, halafu wewe uliye Dar unamwambia ana jiji la maghorofa analificha! Kama lingekuwepo, hata watu wa kodi wangeshatia timu.

Lakini mimi swali langu ni jingine. Hadithi hii ya taa imetoka wapi? Kwa nini wachawi wa Shinyanga, badala ya kukaa pangoni kama wachawi wa kwenye vitabu, wanakaa kwenye jiji lenye umeme na lami?

Jibu langu ni hili, na anayetaka kubisha abishe. Mwaka 1940 mjiolojia mmoja kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, ambako leo ni wilaya ya Kishapu. Pale palikuwa pori na vijiji vya Wasukuma kama vingine. Miaka michache baadaye palikuwa na mji mzima ndani ya uzio: umeme, hospitali, shule, nyumba za wakubwa, uwanja wa ndege, na walinzi getini. Mwaka 1947 ikapatikana pale almasi ya rangi ya waridi, karati 54 na nusu, Williamson akamzawadia binti mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyekuwa anaolewa. Jiwe la mchanga wa Shinyanga likaenda kukaa kifuani kwa malkia!

Sasa jiweke kwenye nafasi ya bibi aliyeishi ng'ambo ya uzio, anayewasha kibatari kwa mahesabu. Kila usiku upande ule mbingu inang'aa. Ndani hawezi kuingia bila kibali. Vijana wanaingia kufanya kazi, wakitoka wanapekuliwa. Utajiri unatoka ardhini kwake, hauoni ukipita. Mjukuu akimuuliza kule kuna nini, anamjibu nini? Jiji lililofichwa, lenye taa, lenye watu wanaofanya kazi usiku kwa faida ya mwingine, Shinyanga tulikuwa nalo kweli. Nenda na Geita uone. Mgodi mkubwa ulianza upya mwaka 2000, na usiku taa zake zinawaka mpaka asubuhi juu ya mashimo ambayo lori likiwa chini unaliona kama kiberiti. Mtoto wa kijiji cha jirani anaziangalia hizo taa akiwa amekaa gizani.

Simaanishi kwamba mtu mmoja alikaa akachora Gamboshi kwa kuitazama Mwadui. Hadithi haziendi hivyo. Nasema tu watoto wa huku hawana haja ya kuambiwa uchawi umefichwa kwenye mji wa kawaida. Wenzetu Waingereza walihitaji Harry Potter, mwaka 1997, apite ukutani kwenye stesheni ya King's Cross, London. Sisi ukuta tulikuwa nao, na ulikuwa na mlinzi.

DUDE LILILOMEZA DUNIA

Kabla ya Gamboshi kulikuwa na Shing'weng'we. Hii sasa ndiyo hadithi ya Wasukuma yenyewe, na kama bibi yako hakukusimulia mdai.

Shing'weng'we ni dude lililomeza kila kitu: watu, ng'ombe, mbuzi, kuku, vijiji kwa vijiji. Alibaki mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, maana yake mtoto mwenye akili nyepesi kuelewa. Mtoto akakua, akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: mama, mbona tuko wawili tu? Wengine wako wapi?

Alipojibiwa akaondoka kwenda kulitafuta dude. Siku ya kwanza anarudi mbio, anashangilia, kaliua! Mama anaangalia, ni panzi. Wakamchoma wakamla. Siku nyingine karudi na ndege. Halafu swala. Kila siku anadhani amemaliza kazi, na mama hamgombezi, anamweleza tu kwamba hilo dude ni kubwa zaidi ya hapo. Mpaka siku alipokutana nalo lenyewe. Akaliua, akalipasua tumbo, watu wakaanza kutoka wakiwa hai, baba yake akiwemo, na ng'ombe, na kila kitu.

Wasotho wa kusini kabisa mwa Afrika nao wanayo ya kwao inayofanana na hii, shujaa wao ni Senkatana. Mapadri wa Usukumani wameitumia ya Masala Kulangwa mahubirini. Ukienda makumbusho ya Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, utakutana na ulimwengu huo wote wa hadithi, ngoma na viti vya watemi. Inapendeza.

Lakini kuna kipande cha mwisho ambacho wengi wanakiruka, na mimi ndicho kilichonifanya nikamate kalamu wiki hii. Wakati Masala Kulangwa anapasua tumbo la dude, kisu kinamkata kwa bahati mbaya bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi anakasirika, anaanza kumroga. Sasa hapa ungetegemea nini? Shujaa kaua dude zima lililomeza dunia, anashindwaje na bibi mmoja? Angeinua tu panga. Hainui. Anakwenda kutafuta dawa, anamtibu yule bibi kidonda mpaka anapona. Baada ya hapo ndipo watu wanamfanya mtemi.

Shika hapo, tutarudi.

WALIOTOKA TUMBONI

Kuna watu wa kweli waliowahi kumezwa huku kwetu. Oktoba 2015, kwenye machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, duara liliporomoka, wachimbaji wadogo sita wakafukiwa. Siku zikapita, wiki zikapita, watu wakakata tamaa. Siku ya 41 wakaopolewa watano wakiwa hai! Mmoja alifia kule chini. Waliishi kwa kula mende, vyura na mizizi, na kunywa maji machafu yaliyokuwa yakichuruzika. Ngozi mifupa, lakini hai. Mwambie mtoto wa Kahama kwamba Shing'weng'we ni uongo uone atakavyokuangalia.

Ndiyo maisha ya huku, kuanzia Nyarugusu na Rwamgasa mpaka vijilima vya Kahama. Mwanaapolo anateremka kwenye duara kwa kamba na tochi ya kichwani. Anaweza kuchimba miezi sita akatoa mawe matupu, huku mwenzake wa duara la pili, hatua kumi tu kutoka kwake, linatema wiki ya kwanza. Kesho mwenzake yule kanunua pikipiki, keshokutwa kaongeza na mke. Mwamba ule ule, karasha lile lile, zebaki ile ile mwaloni. Kwa nini yeye na si mimi? Mjiolojia ana majibu yake kuhusu mkanda wa dhahabu unavyopinda chini ya ardhi, lakini mjiolojia yuko kwenye mgodi mkubwa ndani ya uzio. Anayepatikana kijiweni ni mganga.

Mganga anakuja na kitu kinachoitwa ndagu, dawa ya utajiri yenye masharti. Masharti mengine ni ya kuchekesha: usioge, usinyoe, lala kibandani wakati una mihela. Kila mji wa machimbo una tajiri ambaye watu wanamnyooshea kidole kwamba anakula dagaa kila siku kwa sababu ya masharti. Labda maskini anapenda dagaa tu.

Masharti mengine hayachekeshi.

WATU WAZIMA WALIPOCHUKUA HADITHI

Watoto wa huku tuliambiwa kwamba mtu mwenye ualbino hafi, anatoweka tu. Hadithi kama nyingine. Tukaiweka pale pale walipo Gamboshi na Shing'weng'we, tukaenda kucheza mpira na jirani yetu mwenye ualbino, tukagombana naye magoli kama kawaida. Hatukuhitaji semina.

Kumbe kuna watu wazima walioichukua hadithi hiyo wakaipeleka kazini. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino wakaanza kuuawa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa: Shinyanga, Mwanza, Geita, Kagera. Ilisemwa wazi kwamba viungo vinatafutwa kwa ajili ya bahati ya machimboni na ya uvuvi ziwani. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alilia machozi bungeni juu ya mauaji hayo. Serikali ikafuta leseni za waganga, na Machi mwaka huo ikaitisha kura ya siri, wananchi waandike majina ya wanaowashuku. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ikawahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa Bukombe. Haikuwa mwisho. Februari 2015, huko Chato, mkoa wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa kutoka mikononi mwa mama yake usiku. Alikutwa ameuawa.

Mwaka mmoja! Hata meno hayajatimia.

Watoto wengi wenye ualbino walipelekwa Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, wakachanganyika na wasioona na viziwi, wakalindwa na uzio. Ndiyo, uzio tena. Safari hii haufichi almasi.

Na bibi vizee nao. Shinyanga kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Mpiga ramli anasema mchawi wako ana macho mekundu, mtu anarudi nyumbani, anaangalia, nani mwingine kama si bibi? Macho mekundu yanaletwa na nini, kila anayepika anajua. Ni moshi. Wenyeji walilazimika kupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba kwa sababu kuni zilikwisha. Misitu ya Usukumani ilifyekwa kuua mbung'o na kulima pamba, mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HASHI mwaka 1986 kuirudisha miti. Bibi kakaa jikoni miaka hamsini anawapikia hao hao, moshi umemla macho, halafu siku duara halitemi anaambiwa ndiye anayelifunga.

Nilisema tutarudi kwa Masala Kulangwa. Bibi wa kwenye hadithi alikuwa mchawi kweli, hakusingiziwa, alimroga mtoto wa watu mchana kweupe. Na bado hadithi ya mababu zetu haikumruhusu shujaa amguse. Ilimtuma akatafute dawa, tena kwa sababu aliyemjeruhi kwanza ni yeye. Wanaokwambia kuua bibi vizee ni mila ya Wasukuma waulizwe mila ipi hiyo, maana mtoto wa miaka sita aliyesimuliwa vizuri na bibi yake anajua shujaa alifanya nini.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na wale wanaotaka hadithi za Gamboshi zipigwe marufuku mashuleni ati zinafundisha ushirikina. Mtoto anajua hadithi inakoishia. Akiitwa kula, Shing'weng'we anabaki nje. Aliyepotea njia ni baba mzima aliyeuza ng'ombe wawili kwenda kumlipa mpiga ramli, na huyo hakufundishwa na hadithi ya bibi, kafundishwa na mtu anayechaji.

KITABU KIKO WAPI?

Jambo linaloniuma ni kwamba jiji hili la usiku, tamu kuliko mengi tunayoyaona kwenye video, sijawahi kulikuta kwenye kitabu cha mtoto dukani Kahama wala Geita. Wadogo zetu wanajua majina ya wachawi wa London.

Mimi nimeshaanza kichwani. Shujaa wangu ni msichana wa darasa la sita, anasoma shule ya bweni Shinyanga, ana ualbino. Mchana jua linamsumbua, ubaoni haoni vizuri mpaka asogee mbele, na kofia yake pana wenzake wanaitania. Usiku mmoja anaona mwanga upande wa Bariadi. Anaingia Gamboshi bila dawa ya macho wala kutembea kinyumenyume, kwa sababu pale hakuna jua, na macho yake yametulia vizuri kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Wale wenye magari ya fahari wanaishi kwa taa, yeye haoni shida hata zikizimika. Kwa hiyo jambo la kwanza analofanya ni kutafuta swichi.

Getini kuna bibi mlinzi, macho mekundu, mkali, ana kidonda cha zamani mgongoni kisichopona. Hapo ndipo nimefika. Sijui bado msichana anaipata wapi dawa. Nadhani itabidi arudi mchana, apange foleni zahanati kama watu wengine, aambiwe daktari katoka, arudi kesho.

Mwenye mashine ya kuchapa anitafute kupitia gazeti hili. Hadithi ninayo, mshiko ndiyo sina.